Kunyonyesha kwenye Lango la Wafanyakazi

Sijui kutulia. Mama yangu husema kwamba alipokuwa na mimba yangu hakuweza kulala upande mmoja hata muda wa kuchemsha maji ya chai. Kwa hiyo nilipoingia kazi ya urubani hakuna mtu wa kwetu aliyeshangaa. Walishangaa nilipozaa nikarudi kazini upesi namna ile, na wapo waliosema maneno, lakini waliosema hawakuwa wamesoma mkataba wangu. Mimi nilikuwa nimeusoma mara nyingi, nikitafuta humo ndani neno moja tu, uzazi, na sikuliona.

Nieleze kwanza nilikuwa rubani wa nani, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Nilikuwa rubani msaidizi kwenye ndege ya propela iliyokwenda Kisumu na kurudi Nairobi, safari kadhaa kwa siku. Mkia wa ndege ulikuwa na rangi za shirika kubwa, na sare yangu ilikuwa ya shirika hilohilo, mpaka vifungo. Abiria wakishuka waliniambia, "Leo mmejitahidi sana, shirika lenu limebadilika." Nilitabasamu. Shirika lenyewe halikunijua. Lilikuwa limeacha kurusha njia ya Kisumu kwa ndege zake, likaipa kampuni ndogo iifanye kazi hiyo kwa niaba yake. Kampuni ndogo nayo haikutaka mzigo wa kuajiri marubani, ikatuchukua kupitia kwa wakala mwenye ofisi ya meza mbili juu ya duka la rangi za nyumba. Mkataba wangu ulikuwa na huyo wakala, wa miezi michache michache, na kuufanya upya kulitegemea ameamkaje.

Niliposhika mimba nilikwenda kuomba likizo. Shirika kubwa lilinielekeza kwa kampuni ndogo. Kampuni ndogo ikanielekeza kwa wakala. Wakala, mtu mpole wa suti, alinivutia kiti, akaniambia, "Madam, wewe si mfanyakazi, wewe ni mkandarasi. Mkandarasi ni mtu wa biashara. Anajipea likizo mwenyewe." Alisema hivyo kama mtu anayenipa hongera. Nilishuka zile ngazi nimekunja ngumi, na majibu mazuri yote yalinijia nikiwa nimeshafika barabarani, kama ilivyo kawaida yao.

Basi nikajipa likizo. Daktari wa marubani alinisimamisha tumbo lilipokua, kama sheria inavyotaka, na tangu siku hiyo hapakuwa na mshahara. Baba mtoto naye ni rubani, anarusha ndege za mizigo Sudan Kusini kwa mkataba wa aina hiyohiyo. Binti yetu alizaliwa Kisumu yeye akiwa Juba, na mara ya kwanza kumwona ilikuwa kwenye simu, picha ikikwama kila mara, akiuliza, "Hiyo ni pua ama ni kidole?" Alikuwa ameomba siku chache. Aliambiwa aende tu, ila asijisumbue kurudi.

Rubani akikaa chini muda mrefu, karatasi zake hulala. Kuziamsha ni lazima aende kwenye mashine ya mazoezi, ile inayoiga ndege, na hiyo mashine iko ng'ambo, na nauli na ada ni juu yake yeye mkandarasi. Nilihesabu, nikahesabu tena, nikaona njia ni moja. Nilirudi kazini mtoto shingo yake imekaza juzi tu. Wakala alifurahi. Alisema mkataba utakwisha karibuni, na akiona nafanya kazi bila matatizo, ataufanya upya bila matatizo.

Mtoto nilimwacha kwa mama yangu, Otonglo, nyuma ya soko, ambako mama ana kibanda cha nyanya na vitunguu kando ya barabara ya Busia. Mimi nililala Nairobi, kwenye nyumba ya kupanga karibu na uwanja wa ndege, kwa sababu safari ya kwanza ilianzia huko na ya mwisho ikaishia huko. Siku za mapumziko nilikuja nyumbani kama abiria, kama kiti kilikuwepo. Mambo yangekuwa nafuu kama Otonglo ingekuwa mbali. Lakini uwanja wa ndege wa Kisumu uko hapo hapo jirani. Kila siku, mara mbili au tatu, nilipita juu ya paa la nyumba aliyolala mwanangu. Nililijua lile bati kwa kiraka chake chekundu. Naliona, halafu tunashuka, halafu tunageuza ndege kwa nusu saa, halafu tunaondoka, na mtu niliyemzaa yuko umbali wa kufumba na kufumbua kwa pikipiki.

Na yeye alikataa chupa.

Nilijaribu kila chuchu inayouzwa Nairobi. Mama alijaribu kijiko, alijaribu kikombe, alijaribu kumfunika kwa blauzi yangu isiyofuliwa ili asikie harufu. Mtoto alifunga mdomo kama mtu aliyekula yamini. Niliwaletea maziwa yangu kwenye kisanduku cha barafu, nikampa mfanyakazi wa mizigo ampe mama, na jioni mama alinipigia simu kunieleza mtoto amemeza matone mangapi na mengine ameyatema wapi na wapi. "Hii mtoto yako iko na kichwa ngumu kama wewe," alisema. Kliniki walimpima, wakampima tena wiki iliyofuata, na mstari wa uzito wake, badala ya kupanda, ukalala. Muuguzi alimuuliza mama yangu, mbele ya watu, mama wa mtoto ako wapi. Mama alimjibu, "Yuko juu." Muuguzi alidhani nimekufa, akampa pole.

Mama alinisimulia hilo akicheka. Mimi sikucheka. Niliweka simu chini, nikazunguka kile chumba cha kupanga mpaka mtu wa chini akagonga dari lake.

Kesho yake asubuhi tulitua Kisumu kama kawaida. Kazi ya rubani msaidizi abiria wakishuka ni kuzunguka ndege nje, kuangalia magurudumu, mapanga ya propela, kama kuna ndege mnyama amegonga mahali. Nilikuwa nimeinama chini ya bawa simu ikatetemeka mfukoni. "Niko hapa kwa geti ya wafanyikazi," mama alisema. "Nimeleta mtu yako. Kuja haraka kabla hawajanifukuza."

Nilikwenda mbio. Nilimwambia kapteni kupitia dirisha lake kwamba nakwenda msalani. Nilimkuta mama amesimama kando ya kibanda cha askari, mtoto mgongoni, leso imefungwa juu ya leso, amekuja kwa bodaboda. Askari alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye uso wa mtu asiyependa mchezo. Alinitazama kofia, akatazama kifua changu ambacho kilikuwa kimeshaanza kulowa, akavuta kiti chake akakitoa nje ya mlango. "Keti hapa, Madam. Lakini ukirudi ndani nitakukagua kama kila mtu." Nikaketi. Mtoto alinirukia kama aliyekuwa akinifukuza tangu jana. Alinyonya huku amenishika tai.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mama hakuhitaji ratiba. Alijifunza mlio wa ndege yetu. "Yenu inakoroma kama baba yako," alisema, "hizo zingine zinapiga kelele ya juu." Akiisikia inageuka juu ya soko, alimwachia jirani kibanda, akamfunga mtoto, akapanda pikipiki. Mara moja alikosea, akaja kwa ajili ya ndege ya kampuni nyingine, akawakaripia wafanyakazi wao wa mizigo kwa kunichelewesha. Mimi nilizunguka ndege, nikakimbia langoni, nikanyonyesha, nikapita tena kwenye mashine ya ukaguzi, askari akinipapasa mwili mzima kama asiyenijua, kisha nikaingia ndani ya ndege nikihema. Titi moja tu kila mara. La pili lilisubiri safari inayofuata.

Mwili nao ulishika ratiba yake. Tukitoka Nairobi, tukishapita Kericho, tukauona mto Sondu ukimetameta chini, maziwa yalishuka yenyewe. Sikuwa nimemfikiria mtoto. Nilikuwa nikisoma mwinuko na kasi, nikiongea na mnara, na ndani ya sidiria vitaulo vilivyokunjwa vikilowa. Nilijifunza kuvaa koti hata kwenye joto la Kisumu.

Wiki hizo nilikuwa mtu wa kushtuka-shtuka. Nikiwa Nairobi nilisikiliza kama tutachelewa. Ndege ikichelewa, dakika za kukatwa zilikuwa zile za Kisumu, na dakika za Kisumu zilikuwa zake. Abiria akisahau begi ndani nilitamani kumrushia dirishani. Mzee mmoja aliyetaka kupigwa picha na rubani mwanamke, mtu mzuri, mwenye heshima zake, nilimpita bila kumwangalia, na mpaka leo nikikumbuka uso wake naona haya. Lakini mstari wa kliniki ulianza kupanda. Kidogo, ila ulipanda, na mama alinitumia picha ya mstari huo kila wiki, na mimi niliitazama kuliko nilivyowahi kuitazama picha ya mtu yeyote.

Kapteni niliyeruka naye zaidi alikuwa mtu wa maneno machache. Wazazi wake walitoka Murang'a, kwa Wakikuyu, zamani wakafungua duka la vipuri Kondele, hapa Kisumu, na yeye akakulia hapo. Alikuwa akinichokoza kwamba anajua Kijaluo kuliko mimi, na kweli alikijua. Alikuwa na desturi moja ambayo marubani wazuri wote wanayo: likitokea jambo la kuamua, alimuuliza msaidizi kwanza. Kapteni akitangulia kusema, msaidizi ataitikia tu, ndiyo bwana, hata kama ameona hatari. Kwa hiyo mdogo huulizwa kwanza, kabla hajajua mkubwa anafikiri nini, na anachosema kinapewa uzito. Niliipenda desturi ile kuliko kitu kingine chochote katika kazi yetu. Kwenye ofisi hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Kule juu niliulizwa kwanza.

Habari za langoni sikumwambia. Nilisema msalani, kila siku msalani, naye aliitikia kwa kichwa. Niliogopa kwamba akijua atalazimika kusema, na wakala akisikia, hilo ndilo litakuwa lile tatizo asilotaka kuliona. Mkataba ulikuwa umebakiza wiki chache. Nilikuwa nakaribia kumwaga unga au kuuokoa, na unga wenyewe ulikuwa wa watu wanne, maana mshahara wa Juba ulikuja ulipotaka.

Sasa nieleze siku ya mvua.

Asubuhi ile tulichelewa kutoka Nairobi kwa sababu ya ukungu, na tulipofika Kisumu hapakuwa na muda hata wa kweli wa msalani. Abiria walishuka, wengine wakapanda, propela zikawashwa. Nilipokuwa nikisoma orodha ya ukaguzi nilimwona mama ng'ambo ya uzio, amesimama na leso yake ya kijani, mtoto mgongoni. Nilipiga simu kwa haraka nikiwa nimeinama nikamwambia tutaonana mchana. Nilimsikia mtoto.

Mchana tulirudi. Yaani tuliipita Sondu, maziwa yakashuka, koti likalowa, na mbele yetu badala ya ghuba palikuwa na ukuta. Kisumu ina mvua zake za alasiri zinazotoka ziwani, mtu wa huku anazijua, zinakuja kwa kishindo, zinapiga, zinakwenda. Mnara ulituambia uwanja umefunikwa, upepo unabadilika, tusubiri. Tukazunguka juu ya ziwa. Mzunguko mmoja, mwingine, mwingine. Chini yetu maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, mawimbi meupe juu yake. Nyuma abiria walikuwa kimya, na kimya cha abiria huwa si kizuri.

Nilijua mama yuko langoni. Alikuwa amesikia tukikoroma, akamfunga mtoto, akaja. Nilijua kwamba kila tulipozunguka alisikia sauti ikikaribia, akasema haya sasa wanashuka, kisha akasikia ikienda. Mtoto hakuwa amenyonya tangu jana yake alasiri. Nilihisi kwa mwili wangu saa ngapi zimepita, sikuhitaji kutazama saa. Titi liliniuma mpaka kwapani, na nilikasirika. Niliikasirikia mvua, nikamkasirikia wakala na kiti chake, nikamkasirikia mtu wa ukungu wa asubuhi kama vile ukungu una mtu wake.

Kapteni alitazama mafuta. Tulikuwa nayo ya kuzunguka kidogo zaidi, au kujaribu kutua mara moja, au kwenda Eldoret. Aligeuka akanitazama kwa ule utaratibu wake.

"Unaonaje? Tujaribu, ama twende Eldoret?"

Nikatazama mbele. Upande wa kaskazini, karibu na vilima vya Riat, niliona mvua imepasuka. Mwanga mdogo, kama mlango ulioachwa wazi kidogo, na ndani yake mwanzo wa njia ya kutua. Neno lilikuwa mdomoni mwangu tayari: tujaribu. Nilikuwa nimefungua mdomo. Nikatazama tena, na sikuweza kujua kama ule mwanga uko, au nauona kwa sababu nautaka. Nimefundishwa kusoma mvua, nimeisoma miaka, na siku ile sikuweza kuisoma. Nyuma yetu walikaa watu ambao kila mmoja anasubiriwa langoni na mtu wake.

"Kapteni," nikasema, "leo usiniulize mimi."

"Nini?"

"Mtoto wangu yuko pale chini getini. Hajanyonya tangu jana. Nikiangalia ile mvua naona njia. Sijui kama iko."

Alitazama mvua, akatazama mafuta. Propela ziliendelea kuvuma. Kisha akaweka mikono kwenye usukani. "Nimeshika mimi," akasema. "Waambie mnara tunaenda Eldoret."

Niliwaambia. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, hilo linanishangaza mpaka leo. Tukageuka, na Kisumu ikabaki nyuma chini ya lile wingu, na mimi nikasoma orodha zote nilizotakiwa kusoma, machozi yakinitoka bila kelele, kapteni akitazama mbele kama mtu aliyekodiwa kutazama mbele.

Eldoret kulikuwa na baridi. Abiria walinung'unika, mmoja akasema ana mazishi, mwingine akasema ana kesi. Nilisimama chini ya bawa nikapiga simu.

"Ndege yenu imeenda wapi?" mama aliuliza kabla sijasema kitu. "Nimesikia ikizunguka, ikizunguka, halafu kimya. Nimeogopa, nyara, binti yangu."

"Tuko Eldoret, Mama. Mvua."

"Eldoret! Sasa huyu atakula nini?" Nyuma yake mtoto alikuwa akilia kile kilio ambacho hakina tena nguvu ya kuwa kilio, na mvua ikipiga bati la kibanda cha askari. "Ngoja, afande anasema kitu," mama alisema, na laini ikakatika. Nilipopiga tena hakupatikana. Nilipiga tena na tena. Nilitembea kutoka bawa hili hadi lile, nikarudi, mpaka mtu wa mafuta akaniuliza kama kuna kitu kimeanguka.

Kapteni alinikuta hapo. Alikuwa ameshika vikombe viwili vya chai, akanipa kimoja, tukanywa tumesimama chini ya bawa.

"Mimi nilidhani una shida ya tumbo," alisema hatimaye. "Kila siku msalani. Nilikuwa nataka kukuambia uende hospitali, nikaona haya."

Nilicheka, na kicheko kikaharibika njiani.

"Utaandika?" nikamuuliza.

"Nitaandika mvua. Ni mvua imetufukuza." Alizungusha chai yake kikombeni. "Na umefanya vizuri kusema. Wengi hawasemi. Lakini sikiza. Kesho mvua itakuja tena, na mimi nitakuuliza tena, kwa sababu nahitaji macho yako. Siwezi kuruka na mtu anayeniambia nisimuulize. Mwachishe huyo mtoto, ama ukae naye nyumbani. Yote mawili ni sawa kwangu. Lakini amua."

Nilitaka kumkasirikia, na sikuweza. Hakuna alichosema ambacho si kweli. Alikwenda kuongea na abiria wa mazishi, nami nikabaki na chai iliyopoa, na pale pale, kwenye baridi ya Eldoret, nikaamua. Nitaacha. Wakala atafute mtu mwingine wa biashara. Karatasi zangu zilale, mashine ya mazoezi ibaki huko ng'ambo, nitauza nyanya na mama kando ya barabara ya Busia mpaka huyu mtoto awe na meno ya kutafunia nyama. Nilipiga moyo konde, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi mabega yangu yalishuka. Nilijiona mwepesi. Hata nilimtafuta yule abiria wa kesi nikamwomba radhi vizuri.

Mvua ilipopita tulirudi Kisumu. Kila kitu kilikuwa kimeoshwa. Kapteni alitua vizuri, akasimamisha ndege, akaniambia bila kunitazama, "Nje nitazunguka mimi. Nenda."

Nilikimbia. Madimbwi yalinirukia mpaka magotini. Nilikuwa nimeshafungua vifungo viwili kabla ya kufika langoni, na sikujali nani ananiona.

Mama alikuwa ndani ya kibanda, kwenye kiti cha askari, leso ya mvua imetandazwa mlangoni kukauka. Mtoto alikuwa mapajani mwake, macho wazi, ametulia. Kwenye meza ndogo palikuwa na kisanduku changu cha barafu, kile nilichomwachia mama jana yake, kimefunguliwa, na chupa ya chai ya askari bila mfuniko wake. Mfuniko ulikuwa mkononi mwa mama.

"Amekunywa!" mama alisema. Alipaza sauti kama mtu aliyeshinda uchaguzi. "Nyara, amekunywa yote! Afande amenipatia hii kifuniko, tumeosha, tumepasha maziwa yako ya jana kwa maji ya moto ya chai, tumemwekea kwa mdomo. Akalia, akalia, halafu akanyamaza. Halafu akakunywa kama mtu mzima."

"Mpaka akacheua," askari alisema. Alikuwa na furaha kuliko sisi sote.

Nilimchukua. Alikuwa na joto, na alinuka maziwa yangu. Nilikaa kwenye ukingo wa mlango nikampa titi, lile lililokuwa limejaa tangu jana, likidondoka lenyewe. Alilitazama. Aliliweka mdomoni kidogo kwa adabu, akaliachia. Nikamrudishia. Akageuza uso, akaweka kiganja chake kidogo kifuani mwangu, akanisukuma. Kisha akautazama ule mfuniko na kunyoosha mkono.

"Ameshiba," mama alisema. "Usimlazimishe. Angalia tumbo."

Tumbo lilikuwa limejaa kweli. Nililigusa. Nilipaswa kuruka kwa furaha, na sehemu yangu moja ilifurahi, nasema ukweli, ilimshukuru Mungu. Sehemu iliyobaki iliona wivu. Nilimwonea wivu mama yangu, nikamwonea wivu askari, nikauonea wivu hata mfuniko wa plastiki wenye alama ya meno ya mtu. Nilikuwa nimekuja nimeacha kazi kwa ajili yake, na hakukuwa na mahali pa kulitua hilo neno. Sikulisema. Mama alikuwa na uso ambao sikuuona tangu nilipomwachia mtoto, uso wa mtu aliyetuliwa mzigo, na nguo zake zilikuwa zimemganda mwilini kwa mvua.

"Sasa utafanya kazi yako vizuri," alinieleza huku akimfunga mtoto mgongoni, akikaza leso kwa fundo lake la haraka. "Kesho usijisumbue kuja hapa getini. Sisi tutakaa nyumbani."

"Sawa, Mama," nilisema.

Nilifunga vifungo. Askari alinikagua mwili mzima kama kila mtu, na alipofika kifuani alipapasa kwa wepesi kidogo, akasema pole. Abiria wa jioni walikuwa wameshapanda. Nilikaa kwenye kiti changu, nikafunga mkanda, na kapteni akaniuliza nimeamua nini.

Nilimwambia sina tena la kuamua, mtoto amekubali kikombe.

"Hiyo ni habari njema," alisema.

"Ndiyo."

Alinitazama muda kidogo, kisha akatazama mbele. "Haya. Soma orodha."

Nikaanza kusoma.